Maonyesho ya majumba ya vitisho: Si kila mpenzi wa kutishwa hukaribishwa

KATIKA ukumbi wa America's Center, mjini St. Louis, jimbo la Missouri nchini Marekani, hukutana kila mwaka watu ambao kazi yao ni kuwatia wenzao hofu kwa malipo.

Wapo wachongaji wa vinyago vya mazimwi, washonaji wa mavazi ya kuogofya, mafundi wa taa na sauti, waundaji wa mashine za kutoa ukungu, hata wauzaji wa bima na tiketi.

Wateja wao ni wamiliki wa majumba ya vitisho, yaani majengo ambamo mgeni hulipa kiingilio ili apite gizani huku akiviziwa na waigizaji waliojipaka sura za maiti na mazimwi.

Maonyesho hayo ya biashara huandaliwa na kampuni ya TransWorld. Yamekuwa yakifanyika St. Louis kwa miaka mingi, baada ya kuandaliwa katika miji mingine, ukiwemo Chicago.

Litakalomshangaza msomaji ni kwamba maonyesho hayo, ijapokuwa yana mvuto mkubwa, hayafunguliwi kwa umma. Shabiki wa vitisho, hata awe na pesa mkononi, hawezi kuingia asipothibitisha kwamba anahusika na biashara yenyewe.

Kwa nini mwenye maonyesho amfungie mlango mtu anayeyapenda? Jibu la swali hilo ndilo kiini cha usimamizi wa mahudhurio. Kazi hiyo haikusudii kujaza ukumbi pekee, bali pia kujua ni nani aliyemo ndani, amefuata nini na atatoka vipi mambo yakiharibika.

Biashara ya msimu mmoja

Sikukuu ya Halloween huadhimishwa Oktoba 31. Desturi zake zilifikishwa Marekani na wahamiaji kutoka Ireland na Scotland, na baadaye zikageuka kuwa sherehe ya taifa zima.

Jumba la vitisho kama kitu cha kulipiwa lina historia ndefu. Mojawapo ya majumba ya kale yaliyosalia lilijengwa nchini Uingereza mwaka wa 1915 na kampuni ya Orton and Spooner. Kwa sasa limehifadhiwa katika makavazi ya mitambo ya mvuke ya Hollycombe, karibu na mji wa Liphook.

Nchini Marekani, mtindo huo ulishika kasi baada ya Disneyland, katika jimbo la California, kufungua jumba lake la mizuka Agosti 9, 1969. Katika miaka ya sabini, vyama vya vijana wa Jaycees viliandaa majumba ya vitisho ili kuchangisha pesa za misaada. Bustani ya burudani ya Knott's Berry Farm, pia ya California, ilianza tamasha lake la Halloween mwaka wa 1973.

Leo hii Halloween ni mradi mkubwa. Shirikisho la kitaifa la wauzaji wa rejareja nchini humo lilikadiria kwamba Wamarekani wangetumia dola bilioni 12.2 kwa sikukuu hiyo mwaka wa 2023. Pesa hizo ni pamoja na za peremende, mavazi na mapambo ya nyumbani.

Hata hivyo, mwenye jumba la vitisho hana mwaka mzima wa kuvuna. Aghalabu hufungua milango mwishoni mwa Septemba na kuifunga mapema Novemba, na hata katika kipindi hicho wengi wao hufungua usiku wa wikendi zaidi. Mapato ya usiku huo mchache ndiyo yanayolipa kodi, bima, mishahara na madeni ya miezi yote iliyosalia.

Hii ndiyo sababu maonyesho ya St. Louis hufanyika mwishoni mwa Februari au mwezi Machi. Zimwi la mpira linalosukumwa na hewa ya kompresa halitengenezwi kwa siku moja. Fundi anahitaji kuagizwa mapema ili achonge, amimine, apake rangi na kusafirisha kazi yake kabla ya msimu kuanza.

Kwa hivyo, siku tatu au nne za maonyesho huamua hatima ya mwaka mzima kwa karakana nyingi ndogo, ambazo baadhi yake huendeshwa na mume, mke na watoto wao. Kila dakika ambayo fundi anaitumia kumweleza mtu asiyenunua ni dakika aliyomnyima mnunuzi anayesubiri nyuma yake.

Maonyesho ni ya aina mbili

Hapa nchini, neno maonyesho humkumbusha mtu yale ya kilimo katika uwanja wa Jamhuri, Nairobi, ambako yeyote mwenye kiingilio huruhusiwa kupita langoni, awe mkulima, mwanafunzi au mzazi aliyewaleta watoto kujionea ng'ombe wa gredi.

Maonyesho ya namna hiyo hufaulu watu wanapokuwa wengi. Kiingilio chenyewe ni pato, na umati ndio unaonunua vyakula na bidhaa ndogo ndogo.

Sekta ya vitisho nayo ina mikutano iliyo wazi kwa wote. Mathalani, Midsummer Scream, iliyoanzishwa mwaka wa 2016 mjini Long Beach, California, huwauzia mashabiki tiketi bila kuwauliza kazi wanayofanya.

Maonyesho ya biashara halisi hufuata mkondo tofauti. Mwenye kibanda ndiye mlipaji mkuu, kwani hukodi nafasi kulingana na ukubwa wake, husafirisha mizigo na kugharamia malazi ya wafanyakazi wake. Anachonunua hasa ni fursa ya kukutana na watu wenye uwezo wa kuweka sahihi kwenye hati ya kuagiza bidhaa.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika maonyesho haya, mgeni asiyekuja kununua hamponyi mwenyeji, hata amsifu vipi.

Kuna sababu nyingine ya kufunga mlango. Bei zinazotajwa humo ndani ni za jumla, na mbinu zinazoonyeshwa ni siri za kazi. Mtu akishaona jinsi kichwa kinavyoruka kutoka kwenye jeneza, hatashtuka tena Oktoba akikutana nacho gizani. Kumwingiza shabiki ni kumharibia burudani na kumpotezea mwenye jumba mteja.

Kuchuja wageni

Kazi ya kuchuja huanza miezi mingi kabla ya siku ya kwanza. Anayetaka kuhudhuria hujisajili na kuwasilisha ushahidi wa biashara yake. Ushahidi huo unaweza kuwa leseni, cheti cha usajili wa kampuni, stakabadhi za ununuzi, au ithibati kwamba anasimamia jumba la kutoa misaada linaloendeshwa na kanisa, shule au chama.

Waandalizi wenye busara hawatazami leseni pekee. Majumba mengi ya vitisho huanzia kwenye ghala la kupanga au ua wa nyuma wa nyumba, na mwenyewe huwa hajasajili chochote. Mtu huyo ndiye mnunuzi wa kesho. Akifukuzwa leo, huenda asirejee kamwe.

Aliyekubaliwa hupewa beji yenye jina lake, kampuni yake na daraja lake. Wanunuzi, wenye vibanda, wanahabari na wageni waalikwa hutofautishwa kwa rangi au maandishi makubwa, ili mwenye kibanda ajue kwa kutupa jicho mara moja ni nani anayezungumza naye.

Beji pia huwa na alama inayosomwa kwa mashine. Mnunuzi akiridhika, mwenye kibanda huisoma na kuhifadhi anwani yake ili amtafute baadaye. Hivyo beji ni ufunguo wa mlango, na papo hapo ni daftari la biashara.

Mianya ya udanganyifu haikosekani. Jumba moja dogo linaweza kuomba beji nyingi kwa ajili ya marafiki na jamaa wa mwenyewe. Dawa yake ni kuweka kikomo cha beji za bure kwa kila kampuni na kutoza ada kwa zinazozidi hapo. Wenye vibanda nao huwekewa kikomo kulingana na ukubwa wa nafasi waliyokodi.

Suala la watoto huhitaji uamuzi mapema. Baadhi ya biashara hizi ni za familia, na mzazi aliyesafiri mbali huenda hana wa kumwachia mtoto. Lakini ukumbi uliojaa mashine zinazojirusha na sanamu zilizolowa damu bandia si mahali pa mtoto mdogo. Lolote litakaloamuliwa, lazima litangazwe kabla ya watu kununua tiketi za ndege, si mlangoni.

Jambo jingine ni mavazi. Wapo waigizaji wanaozunguka ukumbini wakiwa wamejifunika nyuso, na mlinzi hawezi kulinganisha barakoa ya zimwi na picha ya kitambulisho. Kanuni nyepesi ni kwamba beji ivaliwe juu ya vazi, na barakoa ivuliwe kila mtu anapopita mlangoni. Silaha bandia nazo hukaguliwa, maana kutoka mbali panga la plastiki na la chuma hufanana.

Kuhesabu kwa uaminifu

Baada ya maonyesho, kila mwandalizi hupenda kutangaza idadi kubwa. Hapo ndipo msomaji wa tarakimu anapaswa kuwa macho.

Mtu mmoja akiingia asubuhi, akatoka kwenda kula, akarudi alasiri na kuja tena kesho yake, mashine ya mlangoni itakuwa imehesabu viingilio vitatu. Kusema kwamba watu watatu wamehudhuria ni kuwahadaa waliokodi vibanda.

Shirika la kimataifa la sekta ya maonyesho, UFI, lililoasisiwa mjini Milan mwaka wa 1925 na ambalo makao yake makuu yapo Paris, hutenganisha idadi ya wageni na idadi ya ziara. Maonyesho yanayotaka kutambuliwa nalo hutakiwa takwimu zake zikaguliwe na watu wa nje.

Tofauti nyingine ni kati ya waliojisajili na waliofika. Usajili ukiwa wa bure, wengi hujaza fomu kisha wasitokee. Wafanyakazi wa vibanda nao ni wengi, lakini hawawezi kuhesabiwa kuwa wanunuzi.

Mwenye kibanda anayetaka kujua kama pesa zake zimefaa kitu huuliza maswali matatu. Je, ni wanunuzi wangapi tofauti walioingia? Wanawakilisha majumba mangapi? Na ni wangapi kati yao wenye mamlaka ya kununua? Ukumbi wenye watu wachache wanaojibu vyema maswali hayo unaushinda ukumbi uliofurika watazamaji.

Giza ndani ya ukumbi

Kudhibiti mlango hakutoshi. Maonyesho ya vitisho yana tatizo ambalo maonyesho ya samani au matrekta hayana, nalo ni kwamba bidhaa nyingi hazionekani uzuri wake penye mwanga. Muuzaji wa taa, ukungu na sauti hulazimika kujenga chumba cha giza ndani ya kibanda chake na kuwapitisha wateja kwa makundi.

Chumba hicho huzaa foleni, nayo foleni huziba njia. Chukua mfano wa kibanda kinachopitisha watu 6 kila baada ya dakika 3. Kwa saa moja kitahudumia watu 120, na kwa siku ya saa 7 watu 840. Ikiwa wanaotaka kukiona ni 2,000, hakuna mlinzi atakayeifupisha foleni hiyo kwa kupaza sauti.

Ufumbuzi hupatikana katika mpango. Kibanda cha namna hiyo hutengewa eneo la foleni ndani ya nafasi yake kikiwekwa mbali na lango kuu, na wageni hupewa kadi za muda ili waendelee na shughuli zao hadi zamu yao ifike.

Ukungu wa mashine nao waweza kuamsha vitambua moshi na kuwatoa watu wote nje bila sababu. Ndiyo maana matumizi yake hukubaliwa kwanza na wasimamizi wa ukumbi pamoja na maafisa wa zimamoto. Kuzima vitambua moshi ili maonyesho yaendelee bila bughudha ni kosa ambalo sekta hii haipaswi kulifikiria, kwa sababu iliwahi kulipa kwa maisha ya watu.

Mkasa wa 1984

Jioni ya Mei 11, 1984, moto ulizuka katika jumba la vitisho lililoitwa Haunted Castle, ndani ya bustani ya burudani ya Six Flags Great Adventure mjini Jackson, jimbo la New Jersey. Vijana wanane walifariki.

Jumba hilo lilikuwa limeundwa kwa matrela yaliyounganishwa. Halikuwa na vitambua moshi wala mfumo wa kunyunyiza maji kutoka darini. Ilielezwa mahakamani kwamba kijana mmoja aliyewasha kiberiti cha gesi ili aone njia aliigusisha moto sponji iliyobandikwa ukutani.

Kampuni husika zilifunguliwa mashtaka ya kuua bila kukusudia, na mwaka wa 1985 baraza la mahakama likaziondolea hatia. Lakini swali lililobaki lilikuwa zito kuliko hukumu. Mtu aliyelipa ili apotee gizani ataijuaje njia ya kutokea moto unapokuwa wa kweli, na atayatofautishaje mayowe ya waigizaji na ya wanaoungua?

Kanuni za usalama za Marekani zililijibu swali hilo kwa kuyaweka majengo haya katika kundi maalumu. Jumba la vitisho hutakiwa kuwa na mfumo wa kunyunyiza maji. Moshi ukigunduliwa, taa za kawaida huwaka na sauti za kutisha hukatizwa, ili watu waone milango na kusikia maagizo.

Mkasa mwingine uliongeza funzo kuhusu umati. Februari 20, 2003, fataki zilizowashwa jukwaani ziliunguza sponji ya ukutani katika klabu ya The Station mjini West Warwick, jimbo la Rhode Island. Watu 100 walikufa, wengi wakisongamana kuelekea mlango waliouingilia.

Baada ya hapo, kanuni za shirika la kuzuia moto la Marekani, NFPA, ziliimarisha sharti la kuwepo wasimamizi wa umati waliopata mafunzo. Kiwango chake ni msimamizi mmoja kwa kila watu 250.

Kanuni za ujenzi pia hukadiria nafasi ya kila mtu. Chumba chenye meza na viti hukadiriwa kwa mita mraba 1.4 kwa mtu, na cha kusimama pekee kwa mita mraba 0.46. Kwa hivyo chumba kile kile cha mita mraba 280 huhesabiwa watu 200 kikiwa na meza, na kama 600 kikiwa kitupu. Hata hivyo, upana wa milango unaweza kushusha idadi hiyo. Mwandalizi anayebadilisha mpangilio wa viti vya semina amebadilisha pia idadi ya watu anaoruhusiwa kuwaingiza.

Hesabu ni ile ile

Jioni, maonyesho ya St. Louis yanapofunga, wengi wa wageni huenda kutembelea The Darkness, jumba la vitisho lililo mjini humo, wajionee kazi za wenzao. Huko hukuta hesabu ile ile waliyoiacha ukumbini.

Jumba linaloingiza kundi la watu 6 kila sekunde 45 hupitisha watu 480 kwa saa. Ikiwa matembezi huchukua dakika 20, basi wakati wowote mna wageni takriban 160 ndani, bila kuwahesabu waigizaji. Mwenye jumba asiyeijua tarakimu hiyo hawezi kuwaambia wazimamoto ni wangapi wa kutafutwa.

Kwa sababu hiyo, usimamizi mzuri wa mahudhurio katika maonyesho haya ni biashara na ni darasa pia. Mmiliki anayeona beji ikikaguliwa bila upendeleo, njia zikiachwa wazi, milango ya dharura isiyozibwa na mapazia meusi, na wasimamizi wanaojua idadi iliyomo, huondoka na mfano wa kuigwa Oktoba itakapofika.

Shabiki aliyezuiliwa mlangoni mwezi Machi huenda akanung'unika. Lakini ndiye atakayenunua tiketi baada ya miezi saba, aingie gizani akipiga mayowe, kisha atoke upande wa pili akicheka. Wajibu wa wote waliokutana St. Louis ni kuhakikisha kwamba kila aliyehesabiwa akiingia amehesabiwa pia akitoka.